Maji Yakifika Digrii 60

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja ya mwanzo wa Machi, mbele ya ndugu zetu wa Bowling Green, Kentucky, waliotaka kujua habari za uvuvi wa machipuko, hasa wa samaki aitwaye krapi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nilichopunguza ni marudio, na matani ya watu walionizoea.

Wazee wangu, mama zangu, vijana: Bwana asifiwe. Asalamu aleikum. Na wale ambao hamkuitikia yote mawili, hamjambo?

Mwenyekiti amenipa nusu saa. Ananijua, ndiyo maana amekaa karibu na swichi ya kipaza sauti.

Nianze na ndoo. Mwaka juzi, mwezi wa nne, nilikuwa nimesimama ukingoni mwa ziwa la Barren River, hapa jirani, na ndoo yangu pembeni. Kijana mmoja wa kwetu akashuka kutoka barabarani, yuko na watoto wake wawili, wamekuja kutembea tu. Akachungulia. Ndani mna samaki saba, bapa kama sahani, magamba ya fedha yenye madoadoa meusi, mapezi yamesimama kama feni. Akaniuliza, "Mzee, hawa ni ngege?" Yaani perege. Nikamwambia hapana, ni krapi. "Wanalika?" Nikamwambia, mwanangu, nusu ya watu wa jimbo hili wanausubiri mwezi huu kwa ajili ya samaki hawa, na wewe umekaa hapa miaka mitano unanunua waliogandishwa dukani. Akasema, "Mimi nilidhani samaki wa hapa ni wa wenye boti."

Sikumcheka, kwa sababu hata mimi nilidhani hivyo hivyo.

Mnanijua wengine, lakini wapo wageni. Nimezaliwa Baraka, Fizi, mashariki mwa Kongo, nyumba ya baba ilikuwa hatua mia mbili kutoka maji ya Ziwa Tanganyika. Baba alikuwa mtu wa ndakala, hawa ambao Watanzania wanawaita dagaa. Mwaka 1996 tulivuka ziwa usiku, tukafika upande wa Kigoma, tukapelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Waliopita pale wanajua: kambi iko Kasulu, bara kabisa, ziwa hulioni hata ukipanda juu ya mti. Nilikaa miaka 20. Mtoto wa mvuvi, miaka 20 sijashika mshipi. Nilifika Kentucky Februari 2016, theluji imefunika kila kitu, nikaona kwenye dirisha la gari bwawa dogo limeganda juu, nikamwambia mke wangu: hapa hata maji yamefungwa.

Miaka mitatu ya kwanza nilifanya kazi usiku na kulala mchana, kama ninyi. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja Mmarekani tuliyekuwa tunapanga naye maboksi. Siku moja mwezi wa nne akaniambia kwa Kiingereza cha hapa, ambacho mpaka leo nakielewa nusu, kwamba zamu ikiisha saa moja asubuhi twende tukavue. Nikaenda na viatu vya kazini. Nitarudi kwa mzee huyo.

Sasa, kitu cha kwanza kilichonipa taabu ni saa. Sisi tuliokulia Tanganyika saa yetu ni mwezi. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa haina kazi, ndakala hawafuati mwanga, watu wanapumzika, wanashona nyavu, wanaoa. Giza likirudi, mitumbwi inatoka. Maji yenyewe huwa vuguvugu mwaka mzima, hakuna samaki anayengoja yapate joto. Hapa nilikuwa natazama mwezi bure. Yule mzee alinionyesha saa yao: kipimajoto kidogo cha bei ya soda, amekifunga kwenye kamba ya mita moja na nusu. Anakitumbukiza, anahesabu mpaka mia, anakitoa, anasoma, anatikisa kichwa au anatabasamu.

Maji ya maziwa haya wakati wa baridi hushuka mpaka yakakaribia kuganda. Krapi anakaa chini, kwenye kina, halafu anatulia tu. Jua la Machi likianza kupasha maji, yakafika digrii 50 na kitu za Fahrenheit, anaanza kusogea: anatoka kwenye kina, anafuata mabonde ya zamani ya vijito yaliyozama, anasimama mlangoni mwa vihori, yaani vighuba vidogo vya ziwa. Yakigusa digrii 60, yaani 16 hivi kwa hesabu yetu ya Sentigredi, anaingia kwenye maji mafupi kutaga. Kwa hapa kwetu kilele ni Aprili, mwaka mwingine mwisho wa Machi, mwaka mwingine unaingia Mei kidogo. Ziwa moja lenyewe halipati joto kwa pamoja. Kihori kinachopigwa na jua la kusini, chenye kilima nyuma yake kinachozuia upepo wa kaskazini, hutangulia kwa siku kadhaa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "krapi wamemaliza", muulize wapi.

Kama huna kipimajoto, tazama miti. Kuna ule wa maua ya zambarau yanayotoka kabla ya majani. Huo ukichanua, tayarisha ndoano. Baadaye kuna dogiwudi, wenye maua meupe ya pande nne, mmeuona nje ya nyumba nyingi hapa mjini. Huo ukiwa mweupe kabisa, omba ruhusa kazini. Lakini msidanganyike na siku mbili za joto. Baridi ya hapa ina tabia ya mgeni aliyeaga halafu akarudi kuchukua mwavuli. Wenyeji wameipa majina ya miti: baridi ya dogiwudi, baridi ya beri nyeusi. Ikirudi usiku mmoja tu, wale krapi waliokuwa wamejaa vichakani jana utawakuta wamerudi nyuma kwenye kina, na midomo wameifunga. Siku kama hiyo nenda kanisani, au nenda uvue mita tatu za maji na uwe na subira.

Niseme kidogo samaki huyu ni nani, maana mtu akimwita ngege simlaumu, umbo linafanana. Ukoo wao ni mwingine kabisa. Krapi wako wawili. Mweupe ana mistari inayoshuka ubavuni, anavumilia maji ya matope. Mweusi ana madoadoa yaliyomwagika ovyo, anapenda maji safi na majani. Ukitaka uhakika hesabu miba ya pezi la mgongoni: mweupe ana mitano au sita, mweusi ana saba au minane. Wote ni samaki wa nusu kilo au chini yake, akifika kilo moja watu wanapiga picha. Rekodi ya dunia ya krapi mweupe ni ya Mississippi, chini ya bwawa la Enid, mwaka 1957: kilo mbili na theluthi moja hivi. Haijavunjwa mpaka leo. Watoto wangu wanasema wataivunja, mimi nawaambia kwanza wajifunze kufunga fundo.

Na aliyempa krapi mweupe jina la kisayansi alikuwa mgeni Kentucky kama sisi. Anaitwa Rafinesque, amezaliwa Konstantinopoli, akazungukazunguka dunia, akafika mto Ohio mwaka 1818, kila samaki anayemwona anamwandika. Mwaka uliofuata akapata kazi ya kufundisha chuoni Lexington. Sasa kuna mchoraji wa ndege, Audubon, alikuwa anakaa Henderson, juu ya mto huo huo. Rafinesque akalala kwake. Basi Audubon, kwa utani au kwa hasira, akamsimulia habari za samaki ambao hawapo: mmoja ana magamba magumu hata risasi haipenyi. Mgeni wa watu akayaandika yote, na mwaka 1820 akayachapisha kwenye kitabu. Nawasimulia haya ili mjue kwamba uongo wa wavuvi wa Kentucky una zaidi ya miaka mia mbili. Mtu akiwaambia jana alipata sitini, mwambieni aonyeshe ndoo. Na akionyesha sitini kweli, hiyo ni kesi nyingine, nitaifikia.

Turudi majini. Wanaotangulia ukingoni ni madume. Dume huchagua mahali penye changarawe au udongo mgumu, mara nyingi ubavuni mwa kisiki, mzizi, au kichaka kilichozama, anapafagia kwa mkia na mwili mpaka panakuwa kama kisahani. Wanajenga karibu karibu, kama vibanda vya soko. Na rangi yake inabadilika. Kichwa, koo na kifua vinakuwa vyeusi kama sufuria ya kuni, hata yule mweupe anapiga weusi mpaka mwanzoni unadhani ni samaki mwingine. Jike hana haraka. Anasubiri kwenye kina cha mita tatu, nne, tumbo limejaa. Akiwa tayari anapanda, anataga, tena si lazima kwa dume mmoja, halafu anaondoka zake. Jike mkubwa anaweza kubeba mayai zaidi ya laki moja. Anayebaki na mayai ni baba. Anayapepea kwa mapezi, anamfukuza kila anayesogea, siku mbili mpaka tano mpaka yaanguliwe kufuatana na joto, na siku chache tena juu ya vitoto. Muda wote huo hatoki kwenda kutafuta chakula.

Wazee wa Baraka na Uvira mnamkumbuka kuhe, yule samaki mkubwa wa Tanganyika. Kule kwetu kuhe wanalinda watoto wao baba na mama pamoja, na mtu akiogelea karibu anafuatwa. Hapa mama ameshakwenda, kazi yote ni ya baba. Mama mmoja pale nyuma ananiambia, "Hilo ndilo la kusema kwa kipaza sauti." Nimesikia, mama.

Hiyo ndiyo sababu msimu huu ni wa mtu asiye na boti. Miezi mingine krapi yuko mbali, anatafutwa kwa mitambo. Mwezi wa nne anakuja mwenyewe mpaka kwenye maji ya kiunoni, wakati mwingine ya magotini. Na hapa Barren kuna jambo la ziada. Jina la mto huu kwa Kiingereza maana yake tasa, sijui nani aliuonea hivyo, maana ndani yake wanazaa kweli kweli. Ziwa hili ni bwawa la kuzuia mafuriko. Wakati wa baridi wanalishusha sana, miezi ya machipuko wanalijaza tena. Vichaka vilivyokuwa nchi kavu mwezi wa pili, mwezi wa nne viko ndani ya maji. Basi nendeni sasa, wakati maji yako chini, mtembee ukingoni kama mnatembelea shamba. Tazama kisiki kiko wapi, mti ulioanguka uko wapi, changarawe iko wapi. Piga picha kwa simu, simama na mti wa kukumbukia nyuma yako. Mwezi ujao utarudi, utaona maji matupu, wenzako watakuwa wanarusha ndoano gizani, wewe unajua kisiki kiko hatua nane kutoka kwenye jiwe. Jirani yangu Mmarekani ana kifaa cha kuonea samaki cha bei ya gari. Mimi nina picha kumi na mbili za matope.

Vifaa havina ukubwa. Fimbo ndefu ya mita tatu hivi, nyepesi. Mshipi mwembamba, wa kuhimili uzito wa paundi nne au sita. Boya dogo, dogo kabisa, lile jekundu kubwa la dukani wapeni watoto wachezee. Chini yake ama ndoano nyembamba na kisamaki hai kutoka duka la chambo, ama jigi, yaani ndoano iliyovishwa kichwa cha madini ya risasi cha gramu mbili na kimkia cha mpira laini au manyoya. Ndoano iwe ya waya mwembamba. Ikinasa kwenye mti unavuta polepole, inanyooka, inatoka, unaipinda tena na kidole. Vijana wanapenda ndoano nene kwa sababu inaonekana ya kiume. Inabaki kwenye mti pamoja na uanaume wao.

Sasa sikilizeni hili vizuri, maana hapa ndipo niliposhindwa siku ile ya kwanza nikiwa na viatu vya kazini. Tumekaa, mzee wa Kimarekani ameshatoa samaki tisa, mimi sina hata mmoja. Natazama boya langu kama mtu anayetazama simu ya ajira. Halizami. Mara linalala ubavu. Nikadhani jigi imegusa chini, nikapunguza mshipi. Linasimama. Linalala tena. Mzee akaweka fimbo yake chini, akaja, hakusema neno, akashika mkono wangu akaunyanyua taratibu, kama mtu anayeinua kikombe kilichojaa. Kulikuwa na samaki.

Krapi macho yake yameelekea juu. Anaona kilicho juu ya kichwa chake, anapanda, anakimeza akiwa bado anapanda. Uzito wa jigi unaondoka kwenye boya, na boya likikosa uzito linalala. Linalozama linaeleweka hata na mtoto. Linalolala ndilo la krapi. Kwa hiyo pia chambo kikae juu ya samaki, kisipite chini yake. Kama wako kina cha mita moja, wewe weka sentimita sabini. Ukiweka chini yao unavua peke yako.

Na usivute kwa nguvu. Mdomo wa krapi ni utando, ukimwinua dhidi ya jua unaona mwanga unapita, kama karatasi iliyopakwa mafuta. Huku wanamwita mdomo-karatasi, hawakosei. Sisi wa mshipi wa mkono, tuliozoea kumvuta sangara kwa nguvu zote za bega, tunachana mdomo huo kila mara. Unyanyue mkono tu, halafu endelea kuunyanyua bila kusita mpaka afike kwenye wavu. Ukilegeza, tundu ulilotoboa limeshakuwa kubwa, kwaheri.

Maji yakiwa ya matope baada ya mvua, watakuwa karibu zaidi na ukingo, mpaka unaona aibu kurusha mbali. Yakiwa safi, wanataga chini zaidi na wanakuona, kaa nyuma, usivae fulana ya njano. Hilo linatosha, mengine mtayaona wenyewe.

Nifike kwenye leseni, naona watu wanaanza kuangalia saa. Mwaka wa leseni hapa Kentucky huanza tarehe 1 Machi. Yaani ile uliyonunua kiangazi imekwisha wiki hii. Kuanzia umri wa miaka 16 unahitaji leseni, na mume na mke wanaweza kununua moja ya pamoja. Kuna idadi ya krapi kwa siku ya jimbo zima, na baadhi ya maziwa yana idadi yake na urefu wake. Idara ya samaki na wanyamapori inatoa kijitabu kila mwaka, bure, na kipo kwenye simu. Msiniulize mimi idadi. Nimeshawahi kumwamini mtu aliyeniambia ya mwaka uliopita.

Nitawaambia na yangu. Mwaka wangu wa pili wa uvuvi nilikuwa kwenye ziwa ambalo krapi asiyefika inchi 10 lazima arudishwe. Mimi nilikuwa napima kwa shibiri. Shibiri yangu inajulikana, nilipimia ndakala, nilipimia kitambaa, nilipimia mbao. Akaja ofisa, kijana mpole, akaniomba ndoo. Akamlaza kila samaki juu ya rula, mdomo umefungwa, akabana ncha mbili za mkia zikakutana, akasoma. Wawili walipungua, mmoja kwa upana wa kucha. Niliandikiwa faini. Nilirudi nyumbani nikaweka mkono wangu juu ya rula, nikagundua kwamba shibiri niliyoiamini maisha yangu yote ni inchi 9. Tangu siku hiyo rula imegundishwa kwenye mfuniko wa boksi langu la barafu. Na msimkate samaki kichwa wala mkia mkiwa bado ziwani, maana hapo hakuna anayeweza kumpima, na wewe huna la kujitetea.

Sasa swali ambalo Mzee wa kule mbele aliniuliza mlangoni, na ni swali zuri kuliko yote ya leo. Akasema: kwetu tunafundishwa kuacha mazalia ya samaki, hapa mnatuita twende kuwavua wakati wanataga? Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zote nne zenye ziwa. Tulipigiwa simu na ndugu wanalalamika. Iweje hapa ndiyo iwe sikukuu?

Nimelifikiria sana. Wataalamu wa samaki wa huku wanasema kwamba katika mabwawa haya makubwa kinachoamua mwaka huu krapi wazaliwe wengi au wachache ni maji na hali ya hewa kuliko ndoano: maji yakishuka ghafla viota vinabaki nchi kavu, baridi ikirudi mayai yanaharibika. Na kwenye kibwawa kidogo cha shambani wanazaana mpaka wanakosa chakula, wanadumaa, wote saizi ya kiganja. Hayo nayaamini. Lakini kwa macho yangu tofauti kubwa ni moja. Krapi hauzwi. Sheria ya Kentucky inakataza kumuuza au kumnunua. Hakuna soko, hakuna dalali anayengoja pwani, hakuna lori la barafu. Kila samaki anayetoka anakwenda kwenye sufuria ya aliyemvua, na sufuria ina mwisho. Tanganyika inalisha miji ya nchi nne, haiwezi kuendeshwa kwa mtindo huu.

Ndiyo maana nasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Nimesikia kwamba kuna watu wanataka kuuza krapi kwenye magrupu yetu ya simu, kilo kwa dola kadhaa, "samaki freshi wa ziwani". Acheni. Kumpa jirani ni sawa. Kuuza ni kuvunja kitu chenyewe kinachoturuhusu tusimame pale ukingoni mwezi wa nne. Na mwenye ndoo ya sitini, nilisema nitamfikia: huyo nimemfikia.

Mimi binafsi, na hii si sheria, ni tabia yangu tu, nikipata dume mweusi kabisa juu ya kiota, wa kwanza na wa pili nawachukua, baada ya hapo nahama. Nasogea hatua ishirini, au navua kina zaidi. Yule mzee wa kazini ananicheka. Anasema nina huruma ya baba mwenye watoto sita. Anao wawili, hajui.

Jambo moja tena na hili halina utani. Maji ya Aprili yanadanganya. Juani umevaa shati, unatoka jasho, lakini maji ni ya digrii 60, na kwenye kina ni baridi zaidi. Sisi tuliozaliwa ziwani tunasema tunajua kuogelea. Tunajua kuogelea kwenye maji vuguvugu. Nilitumbukia mara moja, nilikanyaga jiwe lenye utelezi, maji yakanifika kifuani tu. Pumzi ilikatika. Nilifungua mdomo kumwita mwanangu, sauti haikutoka. Mikono ilikuwa kama ya mtu mwingine, nilishika tawi na sikuhisi kwamba nimelishika, nililazimika kulitazama. Nilitoka kwa sababu palikuwa kifuani. Kama ni kwenye boti, katikati, leo mngekuwa na msemaji mwingine. Mtoto asisogee maji bila jaketi la kuokolea. Na mtu mzima pia, hata kama alizaliwa ndani ya mtumbwi.

Mama ameinua mkono. Anauliza anapikwaje, na kama hana sumu. Kuhusu sumu: kuna tahadhari ya zebaki kwa samaki wa jimbo zima, hasa kwa wajawazito na watoto wadogo. Ushauri wa mara ngapi kula umo kwenye kijitabu kile kile, usomeni pamoja na idadi. Kuhusu kupika, Wamarekani wanatoa minofu, wanaipaka unga wa mahindi, wanakaanga kwenye mafuta mengi, na wakitoa minofu wanatupa kichwa. Nilipoona mara ya kwanza nilitaka kulia. Mke wangu anampara magamba, anampasua ubavuni, chumvi, ndimu na pilipili, anakaanga mzima mpaka mapezi yanakuwa kama biskuti, halafu nyanya na kitunguu, bugali na sombe, yaani kisamvu, pembeni. Nyama yake nyeupe, tamu, laini kuliko ya ngege. Nilimpelekea mzee wa kazini sahani. Alikula na uma dakika mbili, akauweka chini, akaendelea kwa vidole. Kichwa hakukigusa. Nilikila mimi.

Mwenyekiti ameshika swichi. Jana asubuhi nilipita ziwani nikitoka kazini, nikatumbukiza kipimajoto: digrii 48. Bado. Nitapima tena kila Jumatano na kuandika kwenye grupu. Ninazo fimbo tatu za ziada na majaketi manne, mawili ya watoto. Anayetaka aandike jina kwenye karatasi pale mlangoni, na pembeni ya jina aandike saa anayotoka kazini, ili tujue tunabebana vipi. Kalamu nimeifunga kwa mshipi wa paundi sita, msiivute kwa nguvu.